Neno la Redio Lililogeuka Kabila

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia majani chai ya Kabianga, redio huwa zimekwisha kuamka. Iko ya kibanda cha chai kando ya barabara, iko ya bodaboda anayengoja abiria, na iko ile ya simu iliyosukumwa ndani ya mfuko wa aproni ya mchuma majani, waya wa masikioni ukipita chini ya kilemba. Ukitega sikio kwa muda utasikia madai yale yale yakirudi kwa sauti tofauti: kwamba stesheni hii ndiyo nambari moja, kwamba hii ndiyo sauti ya wananchi, na kwamba hii ni redio yetu. Dai la kwanza ni la hesabu, na hesabu hupimika. Hayo mengine mawili yana historia ndefu zaidi, nayo inaanza kabla ya stesheni yoyote kati ya zinazosikika leo.

Ili tuielewe, kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Kabianga iko Belgut, katika kaunti ya Kericho, si mbali na barabara kuu iendayo Kisii. Serikali ya kikoloni ilipokwisha kuchukua sehemu kubwa ya ardhi ya Wakipsigis, kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilianza kupanda chai huku katikati ya miaka ya 1920. Chai haina msimu mmoja wa mavuno kama mahindi. Huchumwa mwaka mzima, na kwa hiyo huhitaji watu wanaoishi papo hapo. Kampuni zikajenga safu za nyumba za wafanyakazi, zinazoitwa laini hadi leo, na wengi walioingia humo walitoka Gusii, Nyanza na Uluhya. Lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Ng'ambo ya barabara, katika eneo lililoachiwa wenyeji, watu walizungumza Kikipsigis, wakachunga ng'ombe na kulima mahindi. Shule ya serikali ya Kabianga, nayo ya miaka hiyo hiyo ya 1920, ilikuwa upande huu wa wenyeji.

Basi tangu mwanzo nchi ya majani ilikuwa na masikio ya aina mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu kila redio iliyokuja baadaye na kusema "sisi" ilikuwa, ijue isijue, inachagua upande wa barabara.

Jambo la pili la kujua ni kwamba jina Kalenjin, ambalo leo linatamkwa kana kwamba limekuwako tangu Adamu, halikuwa likitumika wakati ule kama jina la kabila. Wakipsigis walijiita Wakipsigis. Waingereza waliwaita Walumbwa, jina walilolikuta midomoni mwa wengine, na hata kituo cha reli ambacho leo ni Kipkelion kiliandikwa Lumbwa. Wanandi walikuwa Wanandi, Watugen Watugen, Wakeiyo Wakeiyo. Wataalamu walioona kwamba lugha hizi ni ndugu hawakuwa na neno la kuzikusanya, wakaridhika kuandika "watu wasemao Kinandi". Kwa Mkipsigis jina hilo lilikuwa kama kumwita mtu kwa jina la binamu yake.

Redio ilifika Kenya mapema, mwaka 1928, lakini haikuja kwa ajili ya watu hawa. Kampuni iliyorusha matangazo ya kwanza kutoka Nairobi iliwalenga walowezi, waliotaka habari na muziki wa kwao. Kilichobadilisha mambo ni Vita vya Pili vya Dunia. Serikali iliwaandikisha maelfu ya vijana wa Kiafrika katika kikosi cha King's African Rifles, na maofisa wa kikoloni walikuwa na imani yao kwamba watu wa Bonde la Ufa ni askari wa kuzaliwa. Vijana hao walipopelekwa Uhabeshi na baadaye Burma, nyumbani zikabaki familia zilizotaka habari. Penye kiu ya habari uvumi hunywesha haraka kuliko serikali. Matangazo kwa lugha za Kiafrika yalianzishwa hasa kwa sababu hiyo: kuwahi uvumi, kutia moyo uandikishaji, na kuieleza vita kwa namna ambayo serikali ilitaka ieleweke.

Hapo ndipo mtangazaji anapokutana na tatizo la ufundi. Muda wa matangazo ni mchache, na hauwezi kugawanywa kwa kila lahaja. Mnandi na Mkipsigis wanaelewana bila taabu. Mtugen na Mkeiyo wanafuata vizuri. Ukifika kwa Mpokot mambo huanza kuwa magumu. Sauti moja itawatosha wengi wao, lakini itawaitaje? Ukifungua kwa kusema "enyi Wanandi", umewapa Wakipsigis ruhusa ya kuondoka barazani. Ukiwataja wote mmoja mmoja, habari yenyewe itapata dakika gani?

Mtangazaji wa wakati huo, John Chemallan, anakumbukwa kwa maneno aliyoyatumia kuvuta masikio ya wasikilizaji wake: *kalenjok*, yaani nawaambieni. Neno hilo halimtaji mtu wala kabila. Linamtaja msemaji na wanaosikiliza, basi. Kila aliyelielewa alikuwa amekwisha kuingizwa ndani, na asiyelielewa alibaki nje bila kufukuzwa. Kama kuna kaulimbiu ya redio iliyopata kufanya kazi yake kwa ukamilifu katika Afrika Mashariki, nadhani ni hii, na aliyeitamka hakuwa na bidhaa ya kuuza.

Lakini je, ni kweli kwamba kabila lilizaliwa redioni? Hapa yapo maelezo zaidi ya moja, na msomaji anastahili kuyaona yote.

Maelezo ya kwanza yanakwenda kwa mashujaa. Vijana waliokuwa wakienda vitani, yanasema, walijiita *kale* au *kore*, neno la alama aliyochanjwa shujaa aliyemuua adui, na jina likachipuka kutoka hapo. Maelezo haya yana ladha ya ushujaa, na ndiyo sababu yanapendwa. Udhaifu wake ni kwamba hayasemi kwa nini neno la askari wachache liligeuka kuwa jina la wanawake, wazee na watoto wa jamii nzima nzima.

Maelezo ya pili ni hayo ya redio. Nguvu yake ni kwamba yanalingana na maana ya neno: *kalenjin* ni nakuambia, na hakuna haja ya kuipinda lugha ili kufika hapo. Udhaifu wake ni wa hesabu. Waafrika waliomiliki redio miaka ya 1940 walikuwa wachache mno. Redio ya bei nafuu ya betri kwa Mwafrika wa kawaida ilianza kuuzwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1949, vita vikiwa vimekwisha. Tamko ambalo watu wengi hawakulisikia kwa masikio yao lilieneaje peke yake?

Maelezo ya tatu yanatupeleka shuleni. Vijana wachache waliofaulu katika shule kama za Kabianga na Kapsabet na kuchukuliwa na Alliance High School walijikuta katika nchi ya Wakikuyu, wakiwa wachache na wageni wa lugha. Wanakumbukwa kuwa kumi na wanne. Mnandi na Mkipsigis ambao nyumbani wangekumbushana wizi wa ng'ombe wa babu zao, huko walikuwa watu wawili tu wanaoelewana kati ya mamia wasiowaelewa. Wakaunda chama chao, wakakiita Kalenjin.

Kwa maoni yangu maelezo ya pili na ya tatu hayashindani. Moja ni mbegu na jingine ni udongo. Redio ilitoa neno ambalo halikuwa mali ya Mnandi wala ya Mkipsigis, na kwa hiyo halikumwudhi yeyote. Shule ikakusanya vijana waliokuwa na haja ya neno kama hilo na waliojua kuandika. Mwaka 1948 kukawa na Umoja wa Kalenjin mjini Eldoret, na katika miaka ya 1950 likatoka gazeti la kila mwezi lenye jina hilo hilo, serikali ya kikoloni ikiliunga mkono. Serikali haikufanya hivyo kwa mapenzi ya utamaduni. Vita vya Mau Mau vilikuwa vimeanza, na kundi kubwa lenye utambulisho wake katika Bonde la Ufa, mbali na Wakikuyu, lilikuwa jambo la manufaa kwake.

Baadaye siasa ilikamilisha kazi. Uhuru ulipokaribia, swali la nani atarithi mashamba ya walowezi liliwatia hofu watu wa jamii ndogo, walioona KANU kuwa chama cha Wakikuyu na Wajaluo. Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyekuwa mbunge katika Baraza la Kutunga Sheria tangu 1958 na ambaye baadaye alibobea katika isimu ya lugha hizi hizi, aliongoza Kalenjin Political Alliance, ambayo mwaka 1960 iliungana na wengine kuunda chama cha KADU. Kutoka studio mpaka kwenye karatasi ya kura, neno lilikuwa limesafiri miaka isiyozidi ishirini.

Baada ya uhuru redio yenyewe ilibadilisha jina na kutoa dai jipya. Mwaka 1964 serikali ilitaifisha Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, na kuliita Sauti ya Kenya. Litazame jina hilo kwa makini. Halisemi redio ya serikali, ingawa ndivyo ilivyokuwa, chini ya wizara ya habari. Linadai kwamba nchi ina sauti moja na kwamba sauti hiyo iko studio, Nairobi. Kikalenjin kilitengewa saa zake pamoja na lugha nyingine, lakini mzigo mkubwa ulibebwa na idhaa ya taifa ya Kiswahili, na katika nchi ya majani idhaa hiyo ilikuwa na faida moja kubwa: ilisikika laini na ilisikika kijijini, kwa lugha ambayo haikuwa ya upande wowote. Nyumba yenye redio ilijulikana. Betri zilipochoka ziling'atwa, au zikaanikwa juani juu ya bati ili zitoe taarifa ya habari moja zaidi.

Wakati redio ya taifa ikidai sauti moja, duka moja mjini Kericho lilikuwa likizikusanya zote. Familia ya Chandarana iliuza na kurekodi santuri huko, na wanamuziki wa Kikalenjin kama Kipchamba arap Tapotuk walirekodi kwa kampuni ile ile iliyorekodi Wajaluo wa benga na wengine wa magharibi. Chandarana hakudai kuwa sauti ya mtu yeyote. Aliuza.

Daniel arap Moi alipochukua urais mwaka 1978, Kalenjin lilikuwa jina la watu wa Rais. Mwaka uliofuata kukawa na sensa. Ile ya 1969 ilikuwa imewahesabu Wakipsigis, Wanandi, Watugen na ndugu zao kila mmoja katika mstari wake. Ile ya 1979 iliwajumlisha pamoja. Taarifa ya habari nayo ikapata mpangilio ambao kila Mkenya wa umri wangu anaweza kuuigiza: habari ya kwanza ni Mtukufu Rais, alikokwenda, alichofungua, aliyempongeza. Kama siku hiyo kulikuwa na mafuriko, mafuriko yalingoja zamu yao. Wasikilizaji walijifunza kuisikiliza redio kama wanavyomsikiliza mjomba anayejisifu, wakipunguza hapa na kuongeza pale, na wenye redio zenye masafa mafupi walimalizia habari kwa idhaa ya Kiswahili ya BBC au ya Deutsche Welle.

Siku moja tofauti kati ya tamko na hali ilipimika kwa saa. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walimtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumpeleka studio. Sauti aliyoizoea kila mtu, sauti ya kipindi cha uungwana na adabu, ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku ile ile majeshi matiifu yalikitwaa tena kituo, na sauti ile ile ikatangaza kwamba serikali ya Moi iko imara. Aliyekuwa mbali na Nairobi hakuwa na njia ya kujua lipi ni kweli ila kwa kuendelea kusikiliza. Waasi walilielewa hilo. Ndiyo maana waliwahi redio.

Jina la KBC lilirudi mwaka 1989, na muongo uliofuata ukiritimba ukaanza kuvunjika. Sababu zilikuwa za siasa na za fedha: vyama vingi viliruhusiwa tena mwaka 1991, wafadhili walishinikiza soko huria, na mitambo ya FM ilikuwa imepungua bei. Capital FM ilianza Nairobi mwaka 1996 kwa Kiingereza na muziki. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ilileta chombo cha kugawa masafa, na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu. Mwaka huo huo Rais Moi alisema stesheni za lugha za kikabila zitawagawa wananchi na akataka sheria ya kuzizuia. Wengi walimcheka, kwa kuwa walijua anayehofia kupoteza sikio ni nani. Hata hivyo onyo la mtu mwenye maslahi yake laweza kuwa na punje ya ukweli, na punje hiyo iliota haraka kuliko alivyotazamia yeyote.

Moi aliondoka madarakani mwishoni mwa 2002, na katika miaka michache iliyofuata Wakalenjin nao wakapata stesheni zao. Chamgei FM ya kampuni ya Royal Media ilichukua jina lake kutoka salamu, ile inayotamkwa njiani asubuhi na kujibiwa kwa uchangamfu. Kass FM ilichukua neno la kusikia. Baadaye zikaja nyingine, Kitwek ya KBC na Emoo na Taach. Yatazame majina hayo mawili ya kwanza: moja linakusalimu, jingine linakutaka usikilize. Ni yale yale ya Chemallan, msemaji na msikilizaji, bila kutaja kabila kwa sababu lugha yenyewe imekwisha kulitaja.

Kass ilikwenda mbele zaidi. Kipindi chake maarufu cha asubuhi kiliitwa *Lene Emet*, yaani nchi inasemaje. Hapa mwelekeo wa sauti umegeuzwa. Mtangazaji wa vita alisema "nawaambieni". Sauti ya Kenya ilisema kwa niaba ya nchi bila kuiuliza. Kipindi hiki kiliuliza, na simu ya mkononi, iliyokuwa ikishuka bei miaka hiyo hiyo, ilimwezesha mkulima kujibu akiwa amesimama katikati ya majani. Kwa mara ya kwanza mtu wa Belgut au Bomet alisikia jirani yake akibishana na mbunge hewani, kwa Kikipsigis chenye mafumbo na kejeli zake zote. Asiyeielewa furaha hiyo hataelewa kwa nini stesheni hizi zilipendwa hivyo.

Lakini *emet* ni nini? Neno hilo lina maana ya nchi, ardhi, makao. Aliyepiga simu alijibu kwa niaba ya nchi inayosema Kikalenjin. Mchuma majani wa Kigusii katika laini, aliyezaliwa Kericho na huenda baba yake pia, alikuwa ndani ya *emet* kwa miguu na nje yake kwa masikio. Swali "nchi inasemaje" liliulizwa juu ya kichwa chake.

Mwaka 2005 Kenya ilipiga kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba, na Bonde la Ufa kwa wingi wake lilikuwa upande wa chungwa, upande wa kukataa. Mnamo Novemba, siku chache kabla ya kura ya tarehe 21, serikali iliizima Kass ikidai inachochea. Ilirudi hewani baada ya muda mfupi, ikiwa na wapenzi zaidi ya mwanzo, kwa maana hakuna tangazo linaloishinda stesheni iliyofungwa na serikali isiyopendwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na ghasia zikaenea. Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti mwaka 2008 kwamba watu 1,133 walikufa. Kericho haikunusurika: nyumba zilichomwa, na wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka jamii nyingine walishambuliwa na kukimbia. Tume ilisikia malalamiko dhidi ya Kass, na si dhidi yake tu; stesheni za Kikuyu nazo zilitajwa.

Mtangazaji wa *Lene Emet*, Joshua arap Sang, alifunguliwa mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, pamoja na William Ruto. Upande wa mashtaka ulidai kwamba alikitumia kipindi chake kueneza uchochezi, mwingine kwa maneno ya mafumbo. Yeye alikana, na utetezi wake ulisema alihimiza amani. Kesi ilianza tarehe 10 Septemba 2013, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji, wawili dhidi ya mmoja, waliifuta. Ushahidi ulikuwa umedhoofika mno, mashahidi kadhaa wakiwa wamejitoa au kubadilisha maelezo, na mmoja wa majaji wawili hao alieleza wasiwasi wake juu ya kuingiliwa kwa mashahidi. Mahakama haikumtia hatiani, na uamuzi uliacha mlango wazi kwa mashtaka mapya endapo ungepatikana ushahidi.

Mwanahistoria hana kazi ya kurudia kesi. Swali lake ni jingine: redio ilikuwa na uzito gani katika moto ule? Wapo wasemao bila redio za lugha za mama kusingekuwa na ghasia. Mimi siwezi kukubaliana nao, na sababu yangu ni ya tarehe tu. Mapigano ya kikabila yalizuka katika maeneo haya haya, Sondu, Londiani, Molo, katika miaka ya mwanzo ya 1990. Wakati huo hapakuwa na Kass wala Kameme, na redio pekee ilikuwa ikihubiri amani, upendo na umoja kila siku. Chanzo kilikuwa ardhi, na wanasiasa waliojua kuipulizia. Wapo pia wasemao redio haina hatia kwa kuwa ni kioo tu. Nao wamekosea upande wa pili. Kioo hakichagui wa kuonekana, ilhali stesheni inayouliza nchi inasemaje kwa lugha moja imekwisha kuchagua wa kujibu.

Baada ya hapo yalikuja masharti: Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kanuni za utangazaji za 2009, na Katiba ya 2010 iliyolinda uhuru wa vyombo vya habari lakini ikauwekea mpaka penye uchochezi na chuki. Stesheni zikawa na tahadhari. Dai la kuwa sauti ya watu likapoa kidogo, na dai la kibiashara likapanda: nambari moja.

Dai hili ni rahisi kulidharau, kwani inawezekanaje watu wanne wawe wa kwanza? Inawezekana, bila yeyote kusema uongo. Tuseme kijijini kuna wasikilizaji kumi. Wanane kati yao huifungua stesheni ya kwanza kila siku kwa dakika tano, kusikia matangazo ya vifo. Wanne huifungua ya pili na kuiacha ikilia tangu alfajiri mpaka usiku. Ya kwanza ina watu wengi zaidi; ya pili ina saa nyingi zaidi. Ongeza ya tatu inayoongoza kwa vijana, na ya nne inayoongoza kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, na utakuwa na mabingwa wanne juu ya kilima kimoja. Watafiti huuliza sampuli ya watu walisikiliza nini jana, na stesheni huchagua jedwali linaloipendeza. Bei ya tangazo hutegemea jedwali hilo, ndiyo maana makampuni ya habari nchini yamegombana na watafiti zaidi ya mara moja. Katika takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano zinazohusu nchi nzima, ambayo huwa mbele mara nyingi ni Radio Citizen, inayotangaza kwa Kiswahili. Chamgei na Kass nguvu zao ziko huku kwao.

Hata "nchi nzima" ina vilima vyake. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga, na kilima huyakinga. Mtu aliye juu ya mgongo wa Kabianga huzipata stesheni nyingi safi. Akiteremka mtoni kuchota maji, nambari moja hugeuka mkwaruzo.

Hesabu nyingine ilifanywa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Makarani wa sensa waliingia laini na vijijini wakiuliza, pamoja na mengine, kama nyumba ina redio, na mtu ni wa kabila gani. Aliyejibu kwamba ni Mkipsigis aliandikwa hivyo, kisha akajumlishwa na Wanandi, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet na wengineo chini ya kichwa kimoja. Jumla ilikuwa 6,358,113, chini ya neno la ufunguzi wa matangazo ya vita. Limebadilika silabi moja tu njiani. Chemallan alisema *kalenjok*, kwa wingi, nawaambieni. Jina lililobaki katika vitabu vya sensa ni la umoja: nakuambia.